Chipu ya Tisa

"Bibi amesahau tena."

Sindano alikuwa anapiga pasi shati, simu ameibana begani. Aliisimamisha pasi wima, akaichomoa kwenye umeme, ndipo akajibu.

"Mara ya ngapi?"

"Kumi na moja."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wameenda wawili. Wote wamesema bibi ni mzima. Wanamlaumu mama anayemlea."

"Na wewe, Mjomba?"

"Mimi nasema leo saa sita kasoro robo mchana anapata mgeni. Nataka mgeni amkute ana akili zake."

Simu ikakatika.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo kisicho na kibao mlangoni. Bibi naye hakuwa bibi. Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya kawaida kabisa, iliyowekwa chini ya meza kwenye ghorofa ya kwanza ya bandari kavu. Kazi yake ilikuwa kupokea picha ya eksirei ya kila kontena lililopita kwenye skana.

Mara kumi na moja ndani ya miezi mitatu kompyuta hiyo ilizima ghafla lori likiwa bado limesimama chini ya skana. Picha ilipotea. Na kanuni ilisema wazi: mashine ikizima, foleni haisimami. Afisa wa skana anaandika kibali cha mkono, geti linafunguliwa, lori linakwenda zake.

Malori yote kumi na moja yalikuwa ya mwagizaji mmoja wa vipuri vya matrekta.

Wiki iliyopita mtu wa Mjomba aliokota sanduku tupu mtaroni, kilomita tatu kutoka bandarini hapo. Ndani mlikuwa na sponji iliyochongwa umbo la kitu. Wataalamu waliipima, wakatazamana, wakaipima tena. Umbo lile lilikuwa la mshikio wa kurushia kombora la begani.

Kombora la kudungulia ndege.

Mishikio ilikuwa imeshaingia. Makombora yenyewe bado. Na siku nne mbele, ndege za wakuu wa nchi saba zingetua kwenye uwanja mmoja.

Kulipekua lori bila picha kulihitaji hati ya mahakama. Mjomba aliomba hati mara mbili. Mara zote mbili lori likageuza njiani kabla wino haujakauka. Kulikuwa na mtu ndani ya bandari ile mwenye masikio marefu, na mtu huyo bado hakuwa na sura.

Sindano alivaa shati lililobaki na joto la pasi. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi kompyuta miaka sita kabla idara haijamchukua. Hakufundishwa ufundi ili aigize. Ufundi alikuja nao. Kupiga risasi ndiko alikofundishwa ukubwani.

Akafunga begi la kazi. Bisibisi tano. Brashi ya vumbi. Kifutio cha penseli. Flashi mbili. Kipima umeme ambacho hakikuwa kipima umeme tu. Na chini kabisa, chini ya sakafu ya pili ya begi, bastola aina ya Glock iliyofungwa kwa kitambaa cha kufutia skrini.

*

Saa mbili na robo asubuhi alipanda ngazi za chuma.

Chumba cha skana kilikuwa kidogo, baridi, na kikinuka kapeti lililowahi kulowa. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Dirisha moja pana lilitazama uwanja wa makontena, geti, na lango la skana lililosimama kama fremu ya mlango usio na nyumba. Mezani kulikuwa na skrini mbili. Chini ya meza, katikati ya nyaya na vumbi, ndimo alimokaa Bibi.

Mwanamke mwenye sare alikuwa ameketi mbele ya skrini. Hakugeuka.

"Wa tatu huyo," alisema. "Wakimaliza mafundi wataniletea mganga."

"Habari za asubuhi, dada."

"Mimi si dada yako. Humu wananiita Mama Pacha. Na kiti hiki ni changu, usije ukakikalia."

Mwanamume aliyesimama dirishani aligeuka. Mrefu, sare imenyooka, viatu vinang'aa kupita kiasi cha uwanja wenye tope. Huyu alikuwa mkuu wa zamu, na wote walimwita Mkuu tu.

"Barua yako nimeiona," alisema. "Makao makuu wanapenda barua. Una mpaka saa tano na nusu. Baada ya hapo mfumo unawashwa, umemaliza hujamaliza."

"Inatosha."

"Wenzako walisema hivyo hivyo."

Mlangoni alisimama askari mwenye bunduki. Alimtazama Sindano kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua amelala mlangoni kwake.

Sindano alipiga magoti sakafuni, akaweka begi chini.

"Mama Pacha, inazimaje?"

"Kama watu wanavyokufa. Iko hai, halafu haiko."

"Skrini inageuka rangi?"

"Bluu. Maandishi meupe. Halafu giza."

"Ukiwa unafanya nini?"

Mama Pacha aligeuka kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri.

"Nikiwa nafanya kazi. Au na wewe umeambiwa huwa nasinzia? Wa kwanza aliandika nabonyeza vibaya. Wa pili aliandika namwagia chai. Chai yenyewe sinywi."

Sindano alisogelea meza. Alivuta kibodi, akafungua orodha ya matukio ambamo kompyuta hujiandikia yenyewe kila inapoanguka.

Vifo kumi na moja. Sababu kumi na moja.

Mara ya kwanza ililaumu programu ya picha. Mara ya pili ililaumu kadi ya skrini. Mara ya tatu mtandao. Mara ya nne faili ambalo halikuwa likitumika kabisa siku hiyo.

Hapo Sindano alianza kupata picha. Programu mbovu hufa kifo kile kile kila siku. Kompyuta inapomlaumu kila anayepita, mara nyingi ubovu uko kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo kila programu huweka mzigo wake wakati wa kazi. Ikitikisika hiyo, anaanguka yeyote aliyekuwa juu yake.

Lakini hakurukia jibu.

Alipima joto. Sawa. Alipima umeme unaoingia. Sawa. Alitafuta picha kubwa kuliko zote zilizowahi kufunguliwa humo: lori la saruji, zito mara tatu ya lori lolote la vipuri. Lilikuwa limepita bila hata kukohoa.

Kwa hiyo kumbukumbu haikuwa ndogo. Haikuwa inajaa.

Ilikuwa inachagua.

"Nawasha kipimo cha RAM," alisema, akachomeka flashi.

"Wenzako walikifanya," Mkuu alisema kutoka dirishani. "Saa nzima. Safi."

"Na mimi nitakifanya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo kazi niliyotumwa."

"Msichana," Mkuu alisema, sauti yake tulivu, "mimi nina miaka kumi na tisa hapa. Nimeona mafundi wakija na mabegi mazuri kuliko hilo. Usinijibu kwa mkato mbele ya watu wangu."

Sindano alibonyeza kitufe cha kuanza.

Skrini ikawa nyeusi, namba za kijani zikaanza kupanda. Kipimo kiliandika data kila chumba cha kumbukumbu, kikaisoma tena, kikalinganisha. Duru ya kwanza ilichukua dakika thelathini. Makosa: sifuri.

Duru ya pili ikaanza.

*

Mkuu alishuka kwenda uwanjani. Askari akamfuata. Mama Pacha alibaki kwenye kiti chake, mikono imefungwa kifuani, akitazama namba za kijani kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Anakuchukia bure," Sindano alisema. "Au ananichukia mimi?"

"Nani, shemeji? Shemeji hamchukii mtu. Anaogopa mnachafua jina lake."

"Shemeji yako?"

"Mdogo wake ndiye aliyenioa. Amefariki, mwaka wa tatu huu." Alisema haraka, kama anavuka barabara. "Yeye ndiye aliyeniingiza kazi hii. Yeye ndiye anayewapeleka pacha wangu shule na kuwarudisha. Wanangu wanamwita baba. Kwa hiyo kama umetumwa kumtafutia makosa, umebisha hodi nyumba siyo."

"Sijatumwa kumtafuta mtu. Vibali vya mkono nani anaweka sahihi?"

"Mimi. Afisa wa skana ndiye anayeweka sahihi."

"Vyote kumi na moja?"

Mama Pacha alishusha mikono kifuani. Alikuwa amesikia jinsi namba hiyo inavyosikika ikitamkwa na mtu mwingine.

"Toka hapo miguuni kwangu," alisema.

Saa nne na dakika tano Mkuu alimwita kwa redio ashuke kuhakiki lakiri zinazofunga milango ya makontena. Chumba kikabaki na Sindano, kiyoyozi na ndoo.

Duru ya pili iliisha. Makosa: sifuri.

Mafundi wawili waliotangulia waliishia hapo, wakafunga mabegi. Sindano alichukua kile kipima umeme, akazungusha kitufe chake mpaka alama isiyochapwa popote, akakilaza kando ya kompyuta. Kifaa hicho kilikuwa na kazi moja ya siri: kutoa mawimbi ya rimoti. Rimoti za magari, za mageti, za kengele za nyumba. Moja baada ya nyingine, masafa kwa masafa.

Sekunde kumi. Kimya.

Sekunde ishirini. Kijani.

Sekunde ya thelathini na moja, skrini ikalipuka nyekundu.

Mistari ya makosa ilimwagika kama mchanga. Mia. Mia nane. Elfu nne. Kisha kompyuta ikafa.

Sindano alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakukuwa na mtu wa kuliona tabasamu hilo.

Akafanya kazi haraka. Alizima umeme, akafungua skrubu mbili, akavua bati la ubavu na kuliegemeza kwenye mguu wa meza. Ndani kulikuwa na vijiti viwili vya RAM, vimesimama sambamba, vyote vimevikwa ganda la alumini. Alichomoa cha kwanza. Alikisugua meno yake ya dhahabu ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, maana uchafu nao huua kompyuta na hakutaka kusingizia mtu kosa la vumbi. Akakirudisha peke yake. Akawasha kipimo, akarusha masafa yale yale.

Kijani.

Alikitoa, akaweka cha pili kwenye nafasi ile ile.

Nyekundu.

Alikihamishia nafasi nyingine. Nyekundu. Kwa hiyo ubao mkuu haukuwa na hatia wala nafasi haikuwa na hatia. Ubovu ulikuwa unakifuata kijiti.

Aliingiza ncha ya kisu chini ya ganda la alumini, akalibandua polepole. Kijiti cha namna ile hubeba chipu nane. Akahesabu.

Tisa.

Ya tisa ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, imeunganishwa kwa waya mwembamba kuliko unywele. Kipokezi. Mtu akibonyeza rimoti, punje hiyo ilivuruga kumbukumbu kwa sekunde moja. Sekunde moja ilitosha. Mtu asipobonyeza, kijiti kilikuwa kizima kuliko madaktari wake.

Sindano alitoa Nokia ndogo mfukoni.

"Mjomba."

"Sema."

"Bibi hasahau. Anazibwa mdomo. Kwa rimoti."

"Umbali?"

"Hatua kumi na tano, basi. Kipokezi ni kidogo na kiko ndani ya bati. Anayebonyeza huwa humu chumbani au mlangoni."

"Nani?"

"Sijui. Wako watatu."

"Watu wangu wako dakika kumi kutoka getini. Nikiwasogeza, lori litageuka."

"Wasisogee. Acha liingie."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, lenyewe lina tani kumi na nne na mimi nina bisibisi."

Mjomba alipumua.

"Usikosee," alisema.

Sindano alifunga kijiti kibovu kwenye kitambaa, akakizamisha mfukoni. Kwenye kompyuta alibakiza kijiti kimoja kizima. Nusu ya kumbukumbu. Bibi angekwenda taratibu, lakini angekwenda. Kisha akazungusha kitufe cha kipima umeme upande wa pili. Sasa hakikurusha tena. Kilisikiliza. Mtu yeyote akibonyeza masafa yale, kitaa kidogo chekundu pembeni yake kingewaka.

Bati la ubavu aliliacha wazi, limeegemea meza.

*

Saa tano na nusu wote walikuwa wamerudi.

"Umepata nini?" Mkuu aliuliza.

"Vumbi."

Mama Pacha alicheka kicheko kikavu. "Andika basi na vumbi ni langu."

"Funga hilo bati uondoke," Mkuu alisema.

"Natazama lori moja. Nikiona inafanya kazi, naondoka."

"Hapana."

"Barua inasema hivyo, Mkuu. Mstari wa mwisho."

Mkuu alitazama saa yake; ilikuwa karibu sita kasoro robo. Kule chini geti lilikuwa limeinuka.

Lori jeupe aina ya Scania liliingia polepole, kontena la bluu mgongoni. Kwenye kiti cha pembeni mwa dereva alikaa mgeni mwenye miwani ya jua, mwagizaji mwenyewe, mtu aliyekuja nchini kwa pasi tatu tofauti za kusafiria, kwa hesabu ya Mjomba. Alitazama juu dirishani. Hakupunga mkono.

Lori likasimama chini ya skana.

"Anza," Mkuu alisema.

Mama Pacha alibonyeza. Picha ikaanza kushuka kwenye skrini mstari kwa mstari, polepole kuliko kawaida. Kwanza paa la kontena. Kisha makreti.

Sindano hakutazama skrini. Alitazama mikono.

Mikono ya Mama Pacha ilikuwa kwenye kibodi, yote miwili. Mikono ya askari ilikuwa kwenye bunduki, yote miwili.

Mkono wa kulia wa Mkuu ulikuwa mfukoni mwa suruali.

Kitaa chekundu kikawaka.

Picha iliendelea kushuka.

Kikawaka tena. Tena. Jasho lilitokea juu ya mdomo wa Mkuu, katika chumba kilichokuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi nyama. Alibonyeza mara ya nne, kwa nguvu, mpaka bega lake likatikisika.

Bibi hakufa.

Ekseli zilijitokeza. Giaboksi. Rundo la minyororo. Na nyuma ya minyororo, zimelazwa sambamba kama penseli kwenye kopo, mirija sita minyoofu, yenye ncha.

Mama Pacha alisogea karibu na skrini.

"Hii si ekseli," alisema.

"Mashine ina hitilafu," Mkuu alisema. "Umesikia mwenyewe ilivyo. Picha hiyo haiaminiki. Andika kibali cha mkono, shemeji."

"Mashine haijazima."

"Nimesema andika."

"Kibali huandikwa mashine ikizima." Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma maneno anayoyaona kwa mara ya kwanza. "Haijazima, shemeji. Iko hapa. Inafanya kazi."

"Leo saa saba," Mkuu alisema, "nani anawachukua watoto wako shule?"

Tone moja lilianguka kwenye ndoo.

Mama Pacha aligeuka na kiti chake chote. Alimtazama yule mtu aliyekuwa akiwakatia watoto wake kucha, na Sindano aliona wakati halisi uso wake ulipofunguka na kufungwa tena, kama mlango.

"Sahihi zangu," alisema. "Ndiyo maana ulinitafutia kazi hii."

"Andika."

"Ili siku moja wakija, wanikute mimi."

"Askari," Mkuu alisema bila kumwondolea macho, "mtoe huyu fundi nje."

Askari alipiga hatua moja.

"Tazama skrini kwanza," Sindano alimwambia. "Ukimaliza kutazama, unitoe."

Askari akatazama. Aliwahi kuwa jeshini. Mirija ile hakuhitaji kuelezwa. Hatua ya pili hakuipiga.

Mkuu alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Mkono wa kushoto ulishaingia chini ya shati, ukatoka na bastola, na mtutu ukagusa kisogo cha Mama Pacha.

"Bunduki chini, askari. Kalamu hiyo hapo, shemeji. Sahihi moja tu. Umeshaweka kumi na moja, kumi na mbili itakuuma wapi?"

Bunduki ililazwa sakafuni. Mama Pacha alishika kalamu. Aliiinua, akaitupa ndani ya ndoo ya maji.

Macho ya Mkuu yaliifuata kalamu kwa nusu sekunde.

Sindano alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wake ulipata bati la ubavu, ukalizungusha kwa ukingo kutoka chini kwenda juu. Lilipiga kifundo cha mkono wa Mkuu kwa mlio wa sufuria. Risasi ikatoka, ikapasua kiyoyozi. Bastola ikaruka. Pigo la pili lilikuwa la ubapa, usoni. La tatu lilikuwa goti, na mahali lilipompata palimkunja vipande viwili.

Alianguka juu ya meza, kisha chini ya meza, uso kwa uso na kompyuta.

"Mfunge," Sindano alisema.

Askari alimfunga kwa waya wa mtandao, mizunguko sita, bila kuuliza amri hiyo inatoka kwa nani.

Chini uwanjani, injini ya Scania ilinguruma. Dereva alikuwa amesikia risasi. Lori liliruka kutoka chini ya skana na kuelekea geti la kutokea.

"Geti," Sindano alisema.

Mama Pacha alikuwa ameshainuka. Alipiga kitufe chekundu ukutani kwa kiganja kizima. Safu ya miiba ya chuma iliinuka kutoka ardhini mbele ya lori. Tairi nne zikapasuka karibu kwa pamoja. Tani kumi na nne zikalala ubavu juu ya ukuta wa geti, zikatulia.

Mlango wa lori ukafunguka. Mgeni mwenye miwani akaruka.

Sindano alishaichomoa Glock chini ya begi na kuteremka ngazi za chuma.

"Mjomba. Sasa," alisema kwenye Nokia.

"Dakika nane."

"Nina dakika moja."

Mgeni alikimbilia kati ya makontena. Sindano akaingia njia ya sambamba. Aliona vivuli vya miguu yake vikipita kwenye mianya, kushoto kwake, kisha mbele kidogo. Jua lilikuwa juu ya utosi. Chuma kilitoa joto kama oveni.

Risasi iligonga kontena juu ya kichwa chake. Nyingine ikafuata.

Aliinama, akalala chini kabisa, shavu kwenye changarawe. Makontena ya pale yalikuwa yameinuliwa juu ya magogo. Chini yake kulikuwa na upenyo wa shubiri mbili.

Kule ng'ambo viatu viwili vya ngozi ya kahawia vilikuwa vimesimama, vikimsubiri ajitokeze kwenye kona.

Alipiga risasi moja.

Kiatu kimoja kilipasuka. Mgeni alianguka akipiga kelele kwa lugha ambayo Sindano aliielewa vizuri, ingawa matusi yake yalikuwa ya kizamani. Alipozunguka kona, mtu huyo alikuwa ameketi, miwani imevunjika, bastola yake hatua mbili kutoka mkononi. Aliitazama bastola. Akamtazama Sindano.

"Jaribu," Sindano alisema.

Hakujaribu.

*

Watu wa Mjomba walifika kwa Land Cruiser tatu na gari la wagonjwa moja. Walifungua kontena kwa mkasi wa chuma. Mirija ilikuwa sita, kama picha ilivyosema. Mkuu aliteremshwa kwenye ngazi, sare imekunjamana, akitazama mbele kama mtu anayekwenda kwenye kikao. Mfukoni walimkuta na rimoti ya gari. Gari lake lilikuwa la ufunguo wa kawaida, lisilotumia rimoti. Kabla hajafika chini alishaanza kuuliza atapata nini akiwaonyesha ile mishikio ilipofichwa.

Sindano alipanda kuchukua begi lake.

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Picha ilikuwa bado kwenye skrini. Maji ya kiyoyozi kilichopasuka yalikuwa yanatambaa sakafuni, na hakuna aliyeyajali.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua kuna mtu. Sikujua ni nani mpaka alipobonyeza."

"Ulinikalisha hapa. Ukangoja aweke bunduki kichwani kwangu ndiyo ujue."

Sindano alikunja nyaya zake, akaziweka begini. Alitafuta la kusema ambalo lingekuwa kweli.

"Ndiyo," alisema.

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea.

"Mdogo wake alipokuwa anaumwa, yeye ndiye aliyekuwa anamlisha uji. Nilimwona kwa macho yangu. Na wanangu watatoka darasani, waulize baba yuko wapi. Niwaambie nini?"

"Sijui."

"Hujui." Aliinuka, akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakilaza juu ya kibodi. "Basi umemaliza kutengeneza. Nenda."

"Jina lako halimo kwenye kesi. Nitaandika hivyo mimi mwenyewe."

"Nimesema nenda."

Sindano alishuka ngazi. Nokia ilitetemeka mfukoni.

"Bibi anaendeleaje?" Mjomba aliuliza.

"Anakumbuka kila kitu."

"Na mama anayemlea?"

Sindano alitazama juu dirishani. Hakukuwa na mtu.

"Naye pia," alisema, akakata simu, akatoka getini kwa miguu, akizipita tairi zilizopasuka bila kuongeza mwendo.